Zabibu Isiyotaka Kuwa Nyekundu

Nyundo alimvunja dereva wa lori taya kwa ngumi moja, mchana kweupe, mbele ya mizani, kwa sababu ya utani. Dereva alikuwa amekuja kuchukua zabibu nyeupe za shamba la chini. Wakati anasubiri kupakiwa, alichuma punje moja kwenye mistari minne iliyo karibu na ukuta, akaigeuzageuza juani, akaona ule wekundu wake wa kusitasita, akauliza kama zabibu za mzee zinaona haya. Watu wakacheka. Ngumi ilifika kabla kicheko hakijaisha, na dereva akakaa vumbini ameshika kidevu kwa mikono miwili.

Kabla jua halijashuka, polisi walikuwa wameshamchukua Nyundo. Binti yake alisimama langoni akatazama gari likiondoka, wala hakulia, wala hakuona aibu. Kusema kweli alifurahi, na furaha hiyo ilimtisha. Alikuwa akiomba siku tatu tu shambani bila baba yake, na sasa amezipata kwa taya la mtu asiye na hatia.

Binti huyu walimwita Pua. Jina hilo alipewa na baba mwenyewe. Alipokuwa na miaka sita, Nyundo alikuwa akimshika kiunoni na kumwingiza kichwa kwanza ndani ya pipa tupu, naye mtoto anasema kutoka humo ndani: hili zima, hili lina ukungu, hili liliwahi kutiwa siki. Hakukosea hata mara moja. Hizo ndizo saa pekee ambazo mikono ya baba yake ilimgusa bila kumuumiza, na kwa hiyo aliyapenda mapipa kuliko watoto wengine wanavyopenda mwanasesere. Sasa alikuwa na miaka ishirini na tisa, na Nyundo, mtu asiyeamini hata kivuli chake, bado hakuthubutu kutia divai katika pipa ambalo Pua hajalinusa.

Ile mistari minne ilikuwa ya mama. Aliileta alipoolewa, vijiti vikavu thelathini vilivyofungwa kwenye kitambaa kibichi, akavipanda yeye mwenyewe. Jina la zabibu hiyo ni gevurtstramina, na shangazi alikuwa akisema hilo ni jina la mtu aliyepaliwa na chai. Pale nyumbani waliiita tu zabibu ya mama. Ukoo wa Nyundo ulikuwa na aina mbili za zabibu tangu enzi za mababu: nyeusi, ambayo ikiiva inakuwa nyeusi, na nyeupe, ambayo ikiiva inageuka manjano. Hii ya mama ilianza kijani, ikaingia wekundu mwembamba kama kucha za mtoto, ikaishia hapo. Nyundo akaamua kwamba ni zabibu nyekundu yenye uvivu, na dawa ya uvivu aliijua moja tu.

Basi kila mwaka aliisubiri iwe nyekundu. Aliisubiri wiki tatu nzima baada ya nyingine zote kuvunwa, mpaka punje zikalegea na nyigu wakazitoboa, halafu akaikoroga pamoja na maganda yake siku kumi na nne kama aifanyavyo ile nyeusi. Kilichotoka kilikuwa kitu cha rangi ya maji ya kutu, kizito kama mafuta, kichungu kama kidonge cha homa. Na kila mwaka, baada ya kukionja na kukitema, Nyundo alimpiga mtu. Mwaka mmoja ilikuwa mbwa, mwaka mwingine dirisha. Mwaka mmoja ilikuwa mama. Pua alikuwa bado mdogo, aliona akiwa mlangoni: baba alichukua mwiko mkubwa wa kukorogea, wa mti mgumu, akampiga mama mkono katikati ya kiwiko na kifundo. Mkono ulipona ukiwa umepinda. Mama hakuwahi kueleza kisa, na miaka minne iliyopita alizikwa na mkono wake uliopinda na kisa chake.

Baada ya mazishi Nyundo alichoma nguo zote za mama. Ikabaki mistari minne. Mwaka huu akaapa mbele ya dada yake kwamba mavuno haya ndiyo ya mwisho: divai ikitoka mbovu tena, siku ya kupogoa hatakuja na mkasi, atakuja na shoka, na atang'oa kila kisiki. Dada yake, yaani shangazi yake Pua, alikuwa na nusu ya shamba na ndiye mtu pekee duniani aliyeweza kumzaba Nyundo kibao na kurudi kwake salama. Akamwambia sawa, lakini aape na upande wa pili: ikitoka nzuri, mizabibu hiyo haiguswi maisha yake yote. Nyundo akaapa akicheka, kwani miaka ishirini na tano haijatoka nzuri.

Kwa hiyo Pua akaanza kuijua ile zabibu kama mtu anayejua anayo nafasi moja. Alikwenda kila alfajiri na kila adhuhuri, baba akiwa kwingine. Alitafuna ganda peke yake, nene na chungu, akajua uchungu wa divai ya baba ulikotoka. Alitafuna nyama peke yake. Alitazama mbegu zikitoka kijani kwenda kahawia. Vichala vilikuwa vidogo, vimebana kama ngumi, na kwa muda mrefu havikusema lolote. Halafu adhuhuri moja, jua likiwa kali, akiwa ameinama katikati ya mstari wa pili, alinusa waridi. Alidhani kuna mwanamke amepita nyuma yake. Hapakuwa na mtu. Alipotia punje mdomoni, nyuma ya waridi ikaja tangawizi, na akasimama pale na mdomo umejaa, machozi yakimtoka, kwa sababu miaka yote hiyo hakuwahi kufika shambani siku ya harufu hii. Baba hakuruhusu mtu kugusa mistari ile kabla yake, na baba alikuja harufu imeshakufa.

Siku tisa harufu ilizidi. Siku tisa hizohizo uchachu ulipungua, kidogo leo, kidogo kesho, kama maji kwenye mtungi wenye ufa. Siku ya tisa Pua akaelewa. Vitu viwili vilikuwa vimekutana njiani, kimoja kinakuja kingine kinaondoka, na vingekuwa pamoja kwa siku tatu, labda nne. Hii haikuwa zabibu nyekundu iliyochelewa. Ilikuwa zabibu nyeupe yenye ngozi yake, na ilikuwa imeiva.

Lakini nyumba ile ilikuwa na sheria. Mkasi haufunguki mpaka Nyundo atafune punje moja ya kila mstari, ateme chini, aseme, "Haya." Bila hiyo haya, hata shangazi hakukata kichala. Pua alijaribu. Asubuhi ya siku ya tisa alimfuata baba yake uani, akaanza kusema kwamba labda mistari ya mama, na mkono wa Nyundo ukanyanyuka, haukupiga, ulinyanyuka tu, naye akarudi nyuma hatua tatu. Mchana wake ndipo dereva akatania.

Pua alikwenda mbio kwa shangazi, akamweleza yote: harufu, maganda, uchachu, siku tatu. Shangazi alikuwa anavaa viatu aende kituoni kumdhamini mdogo wake. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua kiatu kimoja, kisha cha pili.

"Nina mgongo," akasema. "Umenishika ghafla. Ukiniachia siku ya tatu jioni, nitakwenda kumtoa."

Alfajiri iliyofuata Pua aliingia shambani na fundi wa mapipa, mzee wa jicho moja aliyekuwa akilala ghalani msimu wa mavuno. Fundi aliuliza kama mwenye shamba amesema haya. Pua akajibu amesema. Fundi akaitazama mbingu kwa jicho lake, akauacha uongo ule upite, akachukua mkasi. Walikata vichala wakati umande haujakauka. Walivitia mara moja kwenye shinikizo la kukamulia, mle ghalani, wakakaza skrubu taratibu, na maganda wakayatupa nje bila kuyaacha yalale hata saa moja na maji yake. Maji yaliyotoka yalikuwa ya dhahabu yenye shaba kidogo. Yakajaa pipa moja tu. Walilifunika kwa magunia yaliyoloweshwa ili lisipate joto, na siku ya pili likaanza kunong'ona. Pua aliweka sikio kwenye mbao, akacheka peke yake.

Siku ya tatu, mgongo wa shangazi ukiwa bado haujapona, Nyundo alirudi kwa miguu. Polisi walikuwa wamemchoka. Alipita ukutani, akaona mistari minne mitupu.

Hakupiga kelele. Wanaomjua Nyundo wanajua kwamba akipiga kelele, umepona. Aliingia ghalani, akauliza kwa upole nani amesema haya.

"Mimi," Pua akasema.

Pigo la kwanza lilimpata sikioni, akayumba mpaka kwenye shinikizo. La pili lilimpata katikati ya uso. Aliusikia mfupa ukivunjika kabla hajasikia maumivu, mlio mdogo wa kikonyo kikavu, halafu kisogo kikagonga chuma na dunia ikawa nyeupe. Fundi akamvamia Nyundo kwa nyuma. Nyundo akamtupa kwenye rundo la pete za mapipa, na mbavu mbili za fundi zikavunjika. Kisha Nyundo akachukua shoka lililotundikwa ukutani, akaligeukia pipa.

Pigo la kwanza la shoka lilikuta chuma, cheche zikaruka. La pili liliingia kwenye ubao, na maji ya dhahabu yakaanza kuchuruzika. Pua aliyaona akiwa sakafuni, kwa jicho moja, kupitia damu. Mkono wake ulipapasa ukashika mwiko mkubwa wa kukorogea. Ulikuwa uleule.

Alisimama. Baba yake alikuwa amempa mgongo, kichwa wazi kabisa, kisogo chenye mvi, na Pua alikitazama kisogo hicho muda wa kutosha kujua kwamba angeweza. Akachagua mahali pengine. Mkono wa kulia wa Nyundo ulipokwenda juu na shoka, aliupiga katikati ya kiwiko na kifundo, kwa nguvu za mtu aliyezaliwa kwa Nyundo. Shoka likaanguka. Akapiga tena palepale. La kwanza lilikuwa la kuokoa pipa, la pili lilikuwa la mama, na hakuna hata moja alilolijutia.

Nyundo alipiga magoti. Alimtazama binti yake kwa mshangao mtupu, kama mtu aliyeumwa na mlango wake mwenyewe. Huku nyuma fundi alikuwa anatambaa, anatukana mbavu zake, anaziba ufa wa pipa kwa nta na kitambaa cha shati lake.

Kwenye zahanati waliketi wote watatu kwenye benchi moja, na muuguzi akauliza kama gari limepinduka. Shangazi, aliyewaleta, akasema ndiyo.

Hasira hasara, watu husema, lakini hawasemi hasara inakwenda kwa nani. Uvimbe ulishuka baada ya wiki tatu. Pua akatoa bandeji mwenyewe, akafungua chupa ya siki, akaiweka chini ya uso wake. Siki ilimwasha macho. Haikunuka. Akanusa mafuta ya taa, akanusa sabuni, akanusa kwapa lake. Daktari alimweleza kwamba kichwa kilipogonga chuma, nyuzi zile nyembamba za kunusia zilikatika, na kwamba huenda zikarudi, na namna alivyosema huenda ilitosha. Pua hakumwambia mtu. Alitembea na jambo hilo mwezi mzima kama mtu aliyebeba yai mdomoni.

Ilijulikana kwa njia ya pipa. Nyundo, mkono umefungwa kifuani, alisukuma pipa tupu kwa mguu mpaka mbele ya binti yake. Walikuwa hawajasemezana tangu siku ile. Akasema, kwa mazoea ya miaka mingi, linuse hili. Pua akaingiza kichwa. Humo ndani mlikuwa na giza na baridi ya mbao, basi.

"Sijui," akasema.

Nyundo hakuelewa. Neno hilo hakuwahi kulisikia kutoka ndani ya pipa. Akamwambia anuse vizuri.

"Sijui, Baba. Umeivunja."

Nyundo akalitazama lile pipa, akalipiga teke likabingirika mpaka ukutani, akatoka nje, na hakuonekana mpaka jua linazama. Shangazi aliposikia habari alikuja akakaa kitandani kwa Pua, akalia kwa sauti. Mgongo ule wa uongo ulimwuma kweli tangu siku hiyo. Ingekuwa amekwenda mwenyewe kumtoa mdogo wake, alisema, angekuwa njiani naye, angekuwa mlangoni mbele yake. Pua akamwambia anyamaze, kwa sababu huruma ya shangazi ilimchosha kuliko maumivu.

Majani yakapukutika. Siku ya kupogoa ikafika, nayo ilikuwa siku ya kufungua pipa. Nyundo alikuja na shoka, kama alivyoapa, akaliegemeza mlangoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepona ukiwa umepinda, na vidole havikufungika tena kuwa ngumi. Fundi akazibua pipa, akajaza kikombe cha bati, akampa mwenye nyumba, kwani hapo pia palikuwa na sheria: wa kwanza kuonja ni Nyundo, na kabla hajasema hakuna anayesema.

Pua alijua ni sheria mbaya sana siku hiyo. Akisema mbovu, nani atambishia? Fundi ni mtu wa kuajiriwa. Shangazi kwake divai zote ni siki. Mwenye uwezo wa kubisha alikuwa amesimama pale na uso uliopinda, hasikii harufu yoyote kwenye hewa ile. Akatazama nyuso. Fundi alikuwa amefumba jicho. Shangazi alikuwa amegeukia ukuta, lakini watu hugeukia ukuta hata kwa uvundo.

Nyundo akanusa. Akaondoa uso, akanusa tena. Akanywa. Maisha yake yote funda la kwanza alilitema. Pua aliona koo likipanda na kushuka.

"Mistari ibaki," Nyundo akasema. "Kiapo ni kiapo."

Akaweka kikombe juu ya pipa, akageuka aondoke. Shangazi akashusha pumzi, na pengine ilipaswa kuishia hapo. Lakini Pua alikuwa ameshasimama mlangoni.

"Inanukia nini?"

"Nimesema ibaki."

"Nimesikia. Mimi nimeivuna, nimeikamua, nimeipigania, na sijui ikoje. Humu ndani aliyebaki na pua ya kujua divai ni wewe. Sema inanukia nini."

Nyundo alitazama sakafu. Alikuwa mtu aliyesema kila kitu kwa mikono, na sasa mmoja haufungi na maneno hajui yanapowekwa. Nyundo akarudi, akakichukua kikombe.

"Waridi," akasema. "Waridi lenye maji, la asubuhi." Akanusa tena. "Tangawizi. Ganda la chungwa, si la nje, lile jeupe la ndani." Akakizungusha kikombe, akanusa mara ya tatu. "Nguo za mama yako. Siku aliyofika na vile vijiti."

"Mama alijua?"

"Alijua."

"Alikwambia?"

"Mara moja. Kwamba haigeuki. Kwamba ikinukia ichumwe hivyohivyo ilivyo." Mkono uliopinda ukasogea kidogo, kama unaotaka kujificha. "Ndiyo siku niliyomvunja mkono."

Shoka lilikuwa palepale mlangoni, karibu na paja la Pua. Akalichukua. Lilikuwa zito, na kwa pumzi mbili au tatu hakujua atalifanyia nini, na watu wote watatu waliona kwamba hajui, na hakuna aliyemsogelea, hata shangazi. Nyundo hakurudi nyuma. Huenda alilitaka. Pua alimchukia kwa hilo pia, kwamba hata hapo alitaka jambo liishe kwa pigo.

Akalitupa shoka nje, kwenye matope. Akamnyang'anya baba yake kikombe, akaingiza uso humo kwa mazoea, kisha akanywa. Ilikuwa chachu kidogo, tamu kidogo, na ikaacha joto kooni. Hayo tu. Akamrudishia.

"Rudia," akasema.

"Nimeshasema."

"Rudia kuanzia mwanzo. Taratibu. Na mwakani utaamka alfajiri, utainama kwenye kila mstari, utakuja kuniambia hivyohivyo, na haya nitaisema mimi."

Nyundo akashika kikombe kwa mkono wa kushoto, akainamisha kichwa, akaanza tena.

"Waridi," akasema.